Mamba, Kiboko na Sangara: Kiswahili cha Mwongozaji wa Uvuvi Mtoni

Utangulizi

Tunapofundisha sajili za Kiswahili madarasani, aghalabu tunarudia mifano ile ile: hospitalini, mahakamani, sokoni na kwenye mahubiri. Si mifano mibaya, lakini haimtoshi mwanafunzi wa Uganda anayetarajia kupata riziki katika utalii. Katika makala haya tunakusudia kueleza sajili moja isiyozungumzwa sana, nayo ni ile ya mwongozaji wa uvuvi wa ndoano katika Mto Nile, chini ya Maporomoko ya Murchison. Hoja yetu ni kwamba kazi hiyo, ambayo kwa nje huonekana kuwa ya misuli na mashua, kwa sehemu kubwa ni kazi ya lugha. Neno likieleweka vibaya ndani ya mashua, gharama yake yaweza kuwa uhai wa mtu.

Uvuvi wenyewe ulivyo

Maporomoko ya Murchison yamo ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1952, yapata kilomita 300 kaskazini magharibi mwa Kampala, kwa njia ya Masindi. Hapo mto hubanwa katika mwanya wa mwamba wenye upana wa mita 7 hivi, kisha huanguka kimo cha mita 43 hivi. Kwa samaki apandaye mto, ukuta huo haupitiki. Ndiyo maana sangara, aliye mwenyeji wa Ziwa Albert na sehemu ya mto iliyo chini ya maporomoko, hakuwamo katika Ziwa Kyoga wala Ziwa Victoria mpaka binadamu alipompandikiza huko kuanzia miaka ya 1950. Kwa hiyo anayevua sangara chini ya Murchison anamvua nyumbani kwake.

Uvuvi huu si wa kitoweo. Mgeni hulipia kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, hupewa mwongozaji na mashua, na samaki akishanaswa na kupimwa hurudishwa majini. Sangara aweza kufikia urefu wa karibu mita 2 na uzito wa kilo 200, ingawa wanaonaswa kwa ndoano huwa wadogo kuliko hao. Hujificha nyuma ya miamba, mahali ambapo mkondo mkali hukutana na maji yaliyotulia, akingoja samaki wadogo waliolevywa na maporomoko.

Majira nayo yana sehemu yake. Katika eneo hilo mvua hunyesha zaidi kati ya Aprili na Novemba, na kiangazi kikuu huanza Desemba hadi Machi. Mwanzoni mwa kiangazi vijito bado huleta tope, na sangara, awindaye kwa macho, haoni mbali. Kadiri siku zinavyokwenda, maji hung'aa na uvuvi hupamba moto. Aidha, kabla ya kufika Murchison mto huu hupitia mabwawa ya umeme ya Jinja, Bujagali, Isimba na Karuma, lililozinduliwa rasmi mwaka 2024. Hivyo mwongozaji hatazami kalenda peke yake. Kila asubuhi husoma rangi ya maji, kina chake na kasi ya mkondo, kisha huwaeleza wageni alichokisoma. Hapo ndipo lugha inapoanza kazi.

Samaki mmoja, majina mengi

Wageni wa mto huu hutoka pande zote za Afrika ya Mashariki. Mtanzania atasema sangara, Mkenya atasema mbuta, Mganda atasema mputa, na Mkongo aliyezoea Kifaransa atasema capitaine. Wote wanamtaja samaki yule yule. Hali ni hiyo hiyo kwa sato wa Mwanza, ambaye kwetu na kwa majirani zetu wa Kisumu ni ngege, na kwa dagaa wa ziwani, ambaye Kenya ni omena na Uganda ni mukene.

Je, mwalimu afanye nini mbele ya wingi huu? Tunashauri asimwadhibu mwanafunzi aliyeandika mputa, bali amfundishe kwamba sangara ndilo jina linaloeleweka zaidi katika Kiswahili cha maandishi, na kwamba mwongozaji hodari huyajua yote. La kusisitiza ni upatanisho wa kisarufi. Katika mazungumzo ya mjini Kampala tunasikia "samaki kubwa imenasa". Samaki ni kiumbe hai, na hata jina lake likiwa na umbo la ngeli ya N, huchukua upatanisho wa A-WA: "samaki mkubwa amenasa". Kosa hili halitamzamisha mtu, lakini humfanya mgeni wa Zanzibar atabasamu pasipostahili.

Kuloa na okuloba

Wanafunzi wetu wengi hudhani kwamba msamiati wa uvuvi ni mali ya watu wa pwani. Tukichunguza kwa makini tunaona sivyo. Kiswahili kina kitenzi cha zamani, kuloa, chenye maana ya kuvua samaki kwa ndoano na mshipi. Tusikichanganye na kuloa kwa maana ya kupata maji. Siku hizi wengi husema "kuvua kwa ndoano" tu, lakini kitenzi hicho kimo katika kamusi za zamani, na neno ndoano lenyewe lina mzizi huo. Sasa mwulize mwanafunzi anayezungumza Kiganda: kuvua kwa ndoano mwasemaje? Atajibu okuloba, na ndoano ataiita eddobo. Kuvua kwa jumla ni okuvuba, na mvuvi ni omuvubi. Mahali ambapo Kiganda kimehifadhi sauti b, Kiswahili kimeidondosha: vuba na vua, loba na loa. Mwanafunzi akiisha kuona mfululizo huo, hajifunzi tena maneno ya wageni. Anakutana na jamaa zake waliovaa nguo nyingine.

Vifaa vingi vya kazi vina majina tayari. Uzi wa kuvulia ni mshipi, kipande cha risasi kinachouzamisha ni chubwi, na kinachoelea juu ni chelezo au boya. Kinachomvutia samaki ni chambo. Kikiwa samaki mdogo aliye hai, ni chambo hai, na kikiwa cha mbao au plastiki ni chambo bandia. Mbele ya mashua ni omo na nyuma ni tezi. Kwa fimbo ndefu inayopindika tunapendekeza ufito, na kwa kifaa kinachokunja mshipi, kigurudumu cha mshipi. Mwanafunzi akisema rili tutamwelewa, lakini aweze pia kueleza kifaa hicho kwa Kiswahili anapoulizwa.

Hata hivyo, si kila neno la pwani linafaa mtoni. Bamvua, maji mafu, kujaa na kupwa ni maneno ya bahari inayopanda na kushuka kila siku. Nile haipwi. Mtoni tunahitaji mkondo, kizingia, kilindi, ukingo, ng'ambo, maji ya tope na maji maangavu. Mwalimu anayenakili orodha ya maneno ya pwani bila kuichuja atampeleka mwanafunzi mtoni na ramani ya bahari.

Maneno matatu ya hatari

Tunafika sasa kwenye kiini cha makala haya. Sehemu hiyo ya mto ina mamba wengi na viboko wengi. Kwa bahati mbaya, majina ya wanyama hao wawili ndiyo yanayomlaghai zaidi msemaji wa Kiganda.

Neno la kwanza ni mamba. Kwa Kiganda, emmamba ni samaki yule ambaye kwa Kiswahili huitwa kamongo, na ni muziro wa ukoo mkubwa unaojulikana kote Buganda. Mnyama mwenye meno huitwa goonya. Zaidi ya hayo, mgeni kutoka Ulaya au Marekani akisikia mamba hufikiri nyoka, kwa kuwa ndivyo neno hilo lilivyo katika Kiingereza. Basi fikiria mashua moja yenye mwongozaji Mtanzania, msaidizi Mganda na mgeni Mwingereza. Mwongozaji akipaza sauti "Mamba!", mmoja atatazama mtumba wa gamba ukingoni, wa pili atatafuta samaki, na wa tatu atatazama matawi ya mti yaliyo juu ya kichwa chake.

Neno la pili ni kiboko. Katika Kiganda mnyama huyu ni envubu, na neno kiboko linajulikana kwa maana ya mjeledi. Kiswahili kinazo maana zote mbili, na mjeledi ulipata jina kutokana na ngozi ya mnyama huyo. Mwanafunzi aliyeonja kiboko shuleni huenda asijue kwamba mtoni neno hilo humaanisha kitu kizito kuliko mashua yake. Waongozaji hufuata kanuni kwamba mashua isikae kati ya kiboko na maji ya kina, kwa kuwa huko ndiko anakokimbilia anaposhtuka. Kanuni hiyo haitekelezeki kama neno lenyewe halijaeleweka.

La tatu ni kitenzi simama, na hili huwatatiza hata wasemaji wa siku nyingi. Simama ni kuacha kwenda, na simama pia ni kuinuka kwa miguu. Barabarani muktadha hutusaidia. Ndani ya mashua ndogo yenye samaki wa kilo 40 anayevuta upande mmoja, mgeni anayeambiwa "Simama!" na akainuka anaweza kuwapindua wote. Mwongozaji aseme "Tulia!" au "Kaa ulipo!", na neno simama alisahau mpaka afike nchi kavu.

Amri na adabu

Samaki anaponasa hakuna muda wa sentensi ndefu. Maneno ni machache: ngoja, inua ufito, vuta, legeza, kunja, achia. Tutofautishe acha na achia. Acha humwambia mtu asiendelee na anachokifanya, na achia humwambia aruhusu mshipi uende. Sangara akikimbia kwa nguvu na mgeni akashikilia, mshipi hukatika. Kiambishi kimoja cha kauli ya kutendea ndicho kinachomwokoa. Vilevile tutofautishe hali: "anakula" ni kuambiwa ungoje, "amekula" ni kuambiwa uinue, na "amenasa" ni kuambiwa kazi imeanza. Sijui kama kuna mfano bora zaidi wa kufundishia tofauti ya -na- na -me-.

Lakini nchini Uganda amri ya Kiswahili ina historia. Tangu enzi za jeshi la kikoloni la KAR, Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, na raia wengi wa makamo walikisikia kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki. "Kaa chini!" kwa sikio la mzee wa Kampala si sawa na "Kaa chini!" kwa sikio la mzee wa Tanga. Kwa hiyo mwongozaji mwerevu huzieleza amri zake ukingoni, kabla ya kung'oa nanga, kwa lugha ya heshima: "Mzee wangu, mama yangu, tukiwa majini nitasema maneno mafupi bila tafadhali. Si utovu wa adabu, ni usalama wetu." Baada ya hapo amri huwa mkataba baina yao, na haimuudhi mtu.

Kumrudisha samaki

Hatua ya mwisho pia inahitaji maelezo, kwa sababu jamaa wengi huuliza kwa nini samaki mkubwa arudishwe majini ilhali watu wana njaa. Mwongozaji huwaeleza kwamba samaki wakubwa ndio wenye mayai mengi, na kwamba mgeni mwingine atalipa kesho kumtafuta huyo huyo. Kisha hutoa maelekezo kwa mpangilio: lowesha mikono kwanza ili usiutoe ute unaomkinga, msaidie tumboni, usimning'inize kwa taya, mwelekeze kichwa kwenye mkondo, mshike mpaka apate nguvu, ndipo umwache aende. Maelekezo haya ni zoezi zuri la dhamira tegemezi na viambishi vya mtendwa: umsaidie, umwelekeze, usimning'inize.

Zoezi la darasani

Tunawapendekezea walimu zoezi la dakika 40. Panga viti kwa umbo la mashua. Mwanafunzi mmoja awe mwongozaji, wengine wawe wageni kutoka Nairobi, Bukavu na Masaka. Mwongozaji aeleze amri zake, kisha mwalimu ataje tukio: sangara amekula, kiboko ameibuka upande wa tezi, mshipi umekwama. Asiyetenda alivyoambiwa aeleze alielewa nini. Makosa yatakayojitokeza ndiyo somo la kipindi kinachofuata.

Hitimisho

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi huo umefungua mlango, lakini mlango haufundishi mtu maneno ya kazi. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Hatuna budi kuwaandaa wanafunzi wetu kwa maji hayo kabla hawajaingia mashuani, na tuanze na yale maneno wanayodhani wanayajua.