Mary Cartwright: mwanahisabati aliyezitetea amplifaya

Januari 1938, wanahisabati wa Uingereza walipelekewa ombi lisilo la kawaida. Lilitoka kwenye bodi ya serikali ya utafiti wa redio, likapitia Chama cha Hisabati cha London. Wahandisi wa redio walikuwa wamekwama kwenye milinganyo iliyokataa kutatulika kwa mbinu walizozijua, wakaomba mwenye ujuzi awanusuru. Nyuma ya ombi hilo kulikuwa na jambo ambalo halikutajwa: rada, iliyokuwa bado siri ya jeshi. Aliyelivalia njuga ombi hilo ni mhadhiri wa Cambridge mwenye umri wa miaka 37, Mary Lucy Cartwright, ambaye hadi hapo hisabati yake haikuwa na uhusiano wowote na redio.

Cartwright alizaliwa tarehe 17 Desemba 1900 katika kijiji cha Aynho, Northamptonshire, ambako baba yake alikuwa kasisi wa Kianglikana. Kaka zake wawili waliuawa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1919 alijiunga na chuo cha St Hugh's, Oxford, wakati vijana waliorudi kutoka vitani wakifurika katika kumbi za mihadhara. Wanawake waliosoma hisabati katika chuo kikuu chote hawakuzidi watano. Mwaka 1921 alifanya mtihani wake wa kwanza mkubwa, akapata daraja la pili. Matokeo hayo yalimvunja moyo hata akafikiria kuhamia somo la historia. Alibaki, akaanza kuhudhuria darasa la jioni la G. H. Hardy, bingwa wa hisabati wa zama hizo, na mwaka 1923 akahitimu kwa daraja la kwanza.

Baada ya hapo alifundisha shule za wasichana kwa miaka minne. Mwaka 1928 alirudi Oxford kwa shahada ya uzamivu chini ya Hardy, na Hardy alipokwenda Marekani, E. C. Titchmarsh akashika usimamizi. Mtahini wake kutoka nje alikuwa J. E. Littlewood wa Cambridge, mtu ambaye baadaye angefanya naye kazi kubwa kuliko zote za maisha yake. Mwaka 1930 alipata ufadhili wa utafiti katika chuo cha Girton, Cambridge. Huko alithibitisha kanuni inayobeba jina lake hadi leo: alikadiria jinsi funksheni inavyoweza kukua ndani ya duara ikiwa hairudii thamani yoyote zaidi ya idadi fulani ya mara. Mwaka 1935 akawa mhadhiri.

Turudi kwenye redio. Mlinganyo uliowatesa wahandisi ulitokana na kazi ya Balthasar van der Pol, mtaalamu wa kampuni ya Philips nchini Uholanzi. Ulieleza saketi inayojiendesha yenyewe. Mfano wake ni mtoto kwenye bembea aliye na mtu mzima nyuma yake: bembea ikienda kidogo husukumwa, ikipaa kupita kiasi huzuiwa, na muda si mrefu inashika mwendo mmoja usiobadilika. Hadi hapo hakuna tatizo. Tatizo huanza saketi hiyo inapotiwa pia nguvu ya umeme kutoka nje, yenye mdundo wake tofauti. Sasa midundo miwili inashindana ndani ya waya mmoja.

Van der Pol na mwenzake van der Mark walilijaribu jambo hilo mwaka 1927. Walitumia saketi yenye taa ya neoni, wakawa wanabadilisha kapasita polepole huku wakisikiliza kwa kipokezi cha simu. Sauti haikushuka kwa mteremko. Ilishuka kwa ngazi: nusu ya mdundo wa nje, kisha theluthi, kisha robo, na kuendelea. Kila mara kabla ya kuruka kutoka ngazi moja hadi nyingine walisikia kelele isiyo na mpangilio. Waliitaja kwenye ripoti yao kama jambo la pembeni, wakaendelea na ngazi zao.

Kelele hiyo ndiyo iliyokuja kuwasumbua wahandisi wa vita. Amplifaya, yaani vikuza-mawimbi vya redio, zilipoongezewa nguvu, mawimbi yaliyotoka yalikosa utaratibu, na lawama ikawaangukia watengenezaji. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini hapa hata mkulima hakuwa na kosa. Cartwright alimshirikisha Littlewood, ambaye katika vita vya kwanza alikuwa amepiga hesabu za mwendo wa makombora, kwa hiyo alizoea kuufikiria mlinganyo kama njia ambayo kitu kinapita. Walifanya kazi kwa miaka, sehemu kubwa kwa barua.

Walichogundua ni hiki. Nguvu ikiwa kubwa, mlinganyo uleule, bila kubadilishiwa namba hata moja, unaweza kuwa na mienendo miwili imara. Mmoja unajirudia baada ya idadi fulani ya midundo ya nje, na mwingine baada ya idadi iliyozidi hiyo kwa mbili. Saketi itaangukia upi? Inategemea ilivyoanza. Na kati ya mienendo hiyo miwili hakuna mpaka ulionyooka. Kuna mienendo mingine isiyo na idadi: baadhi inajirudia lakini haidumu ikiguswa kidogo tu, na mingine haijirudii kamwe. Tofauti ndogo mno mwanzoni inaweza kuzaa historia tofauti kabisa baadaye. Kwa maneno mengine, kelele ilikuwa mali ya mlinganyo wenyewe. Amplifaya ilikuwa ikitii hesabu zake.

Muhtasari wa matokeo hayo ulichapishwa mwaka 1945, vita vikiwa vinaisha, na wachache tu waliuelewa. Freeman Dyson, aliyemsikia Cartwright akitoa mhadhara Cambridge mwaka 1942, alikuja kueleza kwamba aliuona uzuri wa kazi ile lakini hakuuona umuhimu wake. Mwaka 1949 Norman Levinson wa Marekani aliurahisisha uthibitisho. Takriban miaka kumi baadaye, kijana aitwaye Stephen Smale alidai kwamba mifumo kwa kawaida haina vurugu (kwa Kiingereza, chaos) ya namna hiyo. Levinson alimwandikia barua kumwonyesha kwamba Cartwright na Littlewood walikwisha kuthibitisha kinyume. Smale, akiwa Rio de Janeiro, aliichambua barua hiyo, na kutokana nayo akajenga mojawapo ya nguzo za nadharia ya vurugu. Mwaka 1963 Edward Lorenz alikutana na tabia hiyohiyo katika hesabu za hali ya hewa.

Heshima zilimfikia Cartwright mapema kuliko umaarufu. Mwaka 1947 akawa mwanahisabati wa kwanza mwanamke kuchaguliwa mwanachama wa Royal Society, miaka miwili tu baada ya jumuiya hiyo kuwafungulia wanawake mlango. Mwaka 1948 Cambridge ilianza kuwapa wanawake shahada kamili. Kwa miaka 13 kabla ya hapo Cartwright alikuwa mhadhiri katika chuo kikuu ambacho kisingeweza kumpa shahada kamili msichana aliyefaulu mitihani yake. Aliongoza chuo cha Girton kuanzia 1949 hadi 1968. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa Chama cha Hisabati cha London, mwaka 1961, na wa kwanza kupewa Nishani ya Sylvester, mwaka 1964. Alifariki tarehe 3 Aprili 1998, akiwa na miaka 97, na kwa maagizo yake mwenyewe hakuna aliyesimama kumsifu kwenye ibada yake ya kumbukumbu.

Sifa tunaweza kuziacha, kama alivyotaka, lakini funzo lake tusiliache. Mhandisi, mtabiri wa mvua au mchumi anayepata matokeo yanayoyumba hukimbilia kulaumu kifaa, kisha takwimu, kisha aliyezikusanya. Huenda ana haki. Lakini kabla ya kumwita fundi, auchunguze kwanza mlinganyo wake: kuna milinganyo isiyo na kosa lolote, ambayo vurugu ndiyo jibu lake sahihi.