Mtangazaji wa Mpira na Imani ya Wasikilizaji

  Someni polepole, pamoja nami.

Ikiwa uko Laela, na mpira unachezwa Sumbawanga mjini, katika uwanja wa Nelson Mandela, huwezi kuuona. Lakini ukiwa na redio, mtangazaji hukuazima macho yake. Hukuambia mpira uko kwa nani, unakwenda upande gani, na nani amefunga bao.

Je, utajuaje kwamba anasema kweli? Kesho yake utakutana na mtu aliyekuwapo uwanjani, nawe utamwuliza. Habari zao zikipatana, utamwamini mtangazaji. Zisipopatana, hutamwamini tena.

Bwana Leonard Mambo Mbotela wa Kenya alipata imani hiyo. Alizaliwa Mombasa mwaka 1940. Mwaka 1964 aliingia katika redio ya serikali, iliyoitwa Sauti ya Kenya, huko Nairobi. Alitangaza mpira kwa Kiswahili, na watu wengi wakaipenda sauti yake. Mwaka 1966 alianza kipindi cha adabu njema, jina lake «Je, Huu ni Ungwana?» Kipindi hicho kilidumu zaidi ya miaka 50.

Lakini sauti inayoaminiwa huweza kutamaniwa na watu wengine. Tarehe 1 Agosti 1982, askari wa jeshi la anga la Kenya waliasi. Alfajiri walimtoa Bwana Mbotela nyumbani kwake, wakampeleka kwenye redio. Kwa nguvu ya bunduki, walimlazimisha kutangaza kwamba serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Siku hiyo hiyo askari watiifu waliikomboa redio. Sauti ile ile ikawatangazia watu kwamba serikali ingalipo.

Bwana Mbotela alifariki tarehe 7 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 84.

Tunajifunza nini? Imani hujengwa kidogo kidogo, hata kwa habari za mpira. Tena, sauti uijuayo huweza kulazimishwa. Kwa hiyo, usikiapo habari kubwa, jiulize: Anayesema amejuaje? Je, yuko huru kusema? Nani mwingine anaweza kuithibitisha?

Maswali
1. Mtangazaji wa mpira hufanya kazi gani?
2. Kwa nini waasi walimtaka Bwana Mbotela?
3. Wewe unaamini sauti ya nani, na kwa sababu gani?