AFYA YETU: Mzee Anayesahau Si Mchawi



Babu anauliza, "Ng'ombe wamerudi?" Mjukuu anajibu, "Wamerudi, Babu." Baada ya muda mfupi anauliza tena. Siku nyingine Babu anatoka na kupotea njia ya nyumbani kwake. Watu wananong'ona kuwa amelogwa. Wengine wanasema yeye ndiye mchawi. Maneno hayo ni ya hatari. Wako wazee waliouawa kwa maneno kama hayo.

Huu ni ugonjwa wa ubongo. Aina inayowapata wengi huitwa Alzheimer. Protini mbaya hujikusanya katika ubongo, na chembe za ubongo hufa polepole. Uchunguzi wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulitolewa mwaka 2013. Katika kila wazee 100 wa miaka 70 na zaidi, kiasi cha 6 walikuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

Uchunguzi wa miaka mingi

Ugonjwa huu huja polepole. Kumpima mtu mara moja hakutoshi. Kwa hiyo madaktari wa Chicago, Marekani, waliwafuata watawa, mapadri na mabruda wazee kwa miaka mingi. Kila mwaka waliwapima kumbukumbu. Wazee hao walikubali pia kuwa wakifa, ubongo wao uchunguzwe.

Madaktari waliwauliza wazee 997 habari za tabia zao. Je, unatimiza ahadi? Unapanga kazi zako? Unamaliza ulichoanza? Katika muda wa miaka 12, wazee 176 walipata Alzheimer. Wenye bidii na mpango walipatwa kwa uchache kuliko wengine. Matokeo haya yalitolewa mwaka 2007.

Lakini ubongo wa waliofariki ulionyesha jambo la ajabu. Wenye bidii hawakuwa na protini mbaya kidogo kuliko wenzao. Huenda ubongo wao uliweza kustahimili zaidi. Fikiria nyumba mbili zinazoliwa na mchwa. Ile yenye nguzo nyingi hukawia kuanguka.

Hata hivyo, usimlaumu mgonjwa kuwa alikuwa mvivu. Watu wa bidii nao hupatwa.

Tufanye nini?

1. Tupime shinikizo la damu na kufuata matibabu.
2. Tuache sigara na pombe nyingi.
3. Tufanye kazi za mwili, tusome, tuzungumze na wenzetu. Uzee si sababu ya kuacha kisomo.
4. Mzee akianza kusahau, au tabia yake ikibadilika, apelekwe zahanati. Homa, pombe na lishe duni pia huweza kumchanganya mzee, na hayo hutibika.

Alzheimer haina dawa ya kuiponya. Lakini mgonjwa anaweza kutunzwa vizuri. Msimfokee. Akiuliza mara kumi, mjibuni mara kumi kwa upole. Ale, aoge na alale kwa saa zilezile kila siku. Asiachwe peke yake karibu na moto. Anayemtunza naye asaidiwe, maana kazi hiyo huchosha.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Je, kijijini kwetu wako wazee wanaosahau? Tunawaitaje?
2. Nani anawatunza, na sisi tunamsaidiaje?