Injini Ndogo Kwenye Baiskeli (2): Ifungwe Isicheze

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi injini ya mipigo miwili inavyovuta mchanganyiko wa petroli na oili, na kwa nini sentimita za ujazo 48 zinatosha kumsukuma mtu pamoja na baiskeli yake. Leo tunaingia katika kazi inayodharauliwa kuliko zote, nayo ni kuifunga injini hiyo kwenye fremu.

Wengi huichukulia kazi hii kama kufunga gunia kwenye keria: mradi halidondoki, limefungwa. Gunia la mkaa likicheza kidogo safarini halimdhuru mtu. Injini ikicheza nusu milimita tu, imeshaanza kukata bolti, kula cheni na kupasua fremu. Mpandaji atakuja kuyajua hayo siku yatakapotokea yote kwa pamoja, na mara nyingi huwa kwenye mteremko.

Swali la kwanza ni mahali pa kuiweka. Swali hili lina umri wa zaidi ya miaka 120. Mwaka 1897 ndugu wawili wazaliwa wa Urusi waliokuwa wakifanya kazi Paris, Michel na Eugène Werner, walitoa baiskeli yenye injini iliyokaa juu ya gurudumu la mbele na kulizungusha kwa mkanda. Iliuzika, lakini ilikuwa na kasoro kubwa: uzito wote ulikuwa juu na mbele. Barabara ikilowa, gurudumu liliteleza ubavu na kumwaga mtu. Mwaka 1901 ndugu hao waliishusha injini hadi chini kabisa, ndani ya fremu, karibu na mahali zinapokaa pedeli. Watengenezaji wengine wakaiga, na pikipiki nyingi tunazoziona leo zimebeba injini zao papo hapo.

Soichiro Honda alilipitia somo hilohilo mjini Hamamatsu, Japani, mwaka 1946. Alikuwa amepata injini ndogo zilizobaki baada ya vita, zilizotengenezwa kuendeshea jenereta za redio za jeshi, akaanza kuzifunga kwenye baiskeli. Tangi la mafuta la majaribio yake ya kwanza lilikuwa chupa ya kukandia kwa maji ya moto. Mwanzoni aliiweka injini mbele, ikisukuma tairi la mbele kwa rola la mpira. Matairi ya wakati ule hayakustahimili msuguano huo. Akaihamishia katikati ya fremu, nguvu ikapelekwa gurudumu la nyuma kwa mkanda, na kutoka hapo ndipo ilipoanza safari ya kampuni inayojulikana leo dunia nzima.

Msomaji anaweza kuuliza habari za VéloSoleX ya Ufaransa, iliyouzwa tangu 1946 kwa miongo kadhaa ikiwa na injini juu ya gurudumu la mbele. Ni kweli, lakini ile haikuwa baiskeli ya kawaida iliyobandikwa injini. Fremu yake ilibuniwa kwa kazi hiyo, injini ilikuwa dhaifu, na mwendo wake ulikuwa kama kilomita 30 kwa saa. Anayechukua baiskeli ya kawaida hana ruhusa ya kuiga tu mahali pa injini na kuacha mengine yote.

Kwa baiskeli ya kawaida, basi, mahali pa injini ni ndani ya pembetatu ya fremu, katika kona ya chini. Pale uzito uko chini na katikati ya magurudumu mawili. Tena injini hushikwa na mabomba mawili yaliyoachana, yaani bomba linalobeba kiti na bomba la mshazari linaloshuka kutoka kwenye usukani. Kitu kilichoshikwa sehemu mbili zilizo mbali hakipati nafasi ya kujizungusha kama kilichoshikwa sehemu moja.

Sasa tutazame kinachotaka kuing'oa injini pale ilipo. Uzito wake si tatizo, kwa kuwa kilo kumi hivi ni chini ya uzito wa mtoto tunayempakia kila siku. Adui wa kwanza ni mtetemo. Pistoni hupanda, husimama, hushuka, husimama tena. Kila inapogeuza mwendo hutoa nguvu ya kuisukuma injini nzima upande wa pili. Injini ya silinda moja haiwezi kusawazishwa ikatulia kabisa, kwa sababu uzito unaowekwa kwenye kranki kupunguza mtikisiko wa kupanda na kushuka huzaa mtikisiko wa kwenda mbele na nyuma.

Tupige hesabu. Injini nyingi za vifurushi kutoka China, za ujazo wa 48 na za 66, zina pistoni inayotembea milimita 38 kutoka juu hadi chini. Kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika, kila gramu 100 za pistoni na vinavyokwenda nayo hutoa nguvu ya takriban nyutoni 520, sawa na uzito wa kilo 53. Nguvu hiyo hupiga mara 83 katika sekunde moja, mara 300,000 katika saa moja. Mwendo wa injini ukipungua nusu, nguvu hupungua hadi robo. Ndiyo maana baiskeli iliyotulia kijana akienda pole huanza kutetemesha meno anapoikamua.

Adui wa pili ni cheni. Tuchukue injini inayotoa msokoto wa nyutoni mita 3. Gia za ndani zikiuongeza mara nne hivi, sproketi ndogo ya meno kumi huvuta cheni kwa nguvu ya karibu kilo 60. Nguvu hiyo huivuta injini kwenda nyuma, na kwa kuwa katika vifurushi hivyo cheni hukaa upande wa kushoto, huipindisha pia. Adui wa tatu ni mashimo ya barabarani, ambayo kila msomaji anayajua bila hesabu.

Ili kuwashinda maadui hao ni lazima kwanza tuelewe bolti inafanya nini. Watu hudhani bolti hushika kama msumari, kwa ugumu wake. La. Bolti ni springi. Unapoikaza inarefuka kidogo sana, na katika kutaka kurudi urefu wake inavibana vitu viwili pamoja. Kinachozuia injini isiteleze ni msuguano unaotokana na kubanwa huko. Bolti ya milimita 6, ile ya spana namba 10, ikiwa ya daraja 8.8 na ikakazwa kwa nyutoni mita 10, hubana kwa nguvu ya karibu kilo 850. Ya milimita 8, ya spana namba 13, ikikazwa kwa nyutoni mita 25 hubana kwa zaidi ya tani moja na nusu. Asiye na spana ya kupimia achukue spana yenye urefu wa sentimita 15 na aivute mwishoni kwa nguvu ya kama kilo 7 kwa bolti ndogo na kilo 17 kwa kubwa. Bolti hafifu isiyo na alama ya daraja haitahimili ukazaji huo; itakatika au itachuna hesi. Dawa yake ni kununua bolti nzuri, si kukaza kidogo.

Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwa majaribio kwamba kinachofungua nati haraka kuliko vyote si kuvutwa kwa bolti kwa urefu wake, bali ni vitu vilivyobanwa kuteleza ubavu. Kila vinapoteleza, msuguano wa kwenye hesi hupotea kwa kitambo kidogo, na nati hurudi nyuma yenyewe. Katika majaribio ya namna hiyo washa ya springi, ile tunayoiamini sote, husaidia kidogo mno. Nati yenye pete ya nailoni husaidia zaidi, na gundi ya hesi nayo pia. Hata hivyo kinga kuu ni ileile: kubana kwa nguvu ya kutosha ili kuteleza kusianze.

Hapa ndipo linapoingia kosa la mpira. Kijana mmoja aliniletea baiskeli yake akilalamika kwamba bolti za mbele zinakatika moja baada ya nyingine, naye ameziwekea vipande vya tyubu pande zote "zipumue". Niliichukua bolti iliyokatika nikaitazama kwenye mwanga. Sehemu kubwa ya jeraha ilikuwa laini, yenye mistari kama ile ambayo mawimbi huacha mchangani. Sehemu ndogo ya mwisho ilikuwa na chengachenga. Hiyo ndiyo sura ya uchovu wa metali. Bolti haikukatika siku ile. Ilikuwa ikikatwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na siku ile ilimalizikia tu.

Mpira ndio uliomponza. Unalegea ukibanwa, kwa hiyo bolti hupoteza mvutano wake. Kisha huipa injini nafasi ya kuyumba, na kila ikiyumba bolti inapinda na kunyooka. Ni kweli kwamba magari yana mipira kwenye vishikio vya injini, lakini mipira ile imegandishwa ndani ya vyuma, na bolti hubana chuma kwa chuma. Kwenye baiskeli fanya vivyo hivyo. Kama kishikio ni kikubwa kuliko bomba, pasua bomba jingine la chuma vipande viwili, ukivike kila kimoja upande wake, kisha ubane. Mbao, ngozi na tyubu viache.

Bomba lenyewe lina heshima yake. Unene wa ukuta wake ni milimita moja na ushei tu. Vifurushi vingine huja na maelekezo ya kutoboa bomba la mshazari likiwa nene kuliko kishikio. Usitoboe. Tangu 1898 Mjerumani Kirsch alithibitisha kwa hesabu kwamba tundu la duara kwenye bamba linalovutwa huongeza mkazo pembezoni mwake hadi mara tatu. Ufa huanzia hapo. Badala yake tumia bamba la chuma na bolti za U zinazolikumbatia bomba lote. Kuchomelea kishikio nako hudhoofisha metali kandokando ya mahali palipochomwa, hasa kwenye fremu za alumini. Tena chuma kina kiwango cha mkazo ambacho chini yake hustahimili mitikiso isiyohesabika. Alumini haina kiwango hicho, kila mtikiso inauweka kwenye hesabu. Ukiwa na uchaguzi, chukua fremu ya chuma, kama zile baiskeli nzito za kubebea maji na mkaa.

Kazi yenyewe ifuate utaratibu. Kwanza kwangua rangi na kutu mahali vishikio vinapokaa, kwa sababu rangi nene hupondeka baadaye na kulegeza bolti. Pakaza rangi nyembamba tu ya kuzuia kutu. Hakikisha bolti zinazoingia kwenye mwili wa alumini wa injini zimezama angalau mara mbili ya unene wake: milimita 12 kwa ile ya 6, milimita 16 kwa ile ya 8. Weka injini mahali pake bila kukaza. Nyuso za vishikio zikae bapa kwenye mabomba zenyewe. Zikikataa, zichonge kwa tupa au uziongezee kipande cha bati. Ukizilazimisha kwa spana, bolti itakuwa imepinda kabla hata injini haijawashwa.

Kisha linganisha cheni. Vuta uzi kutoka sproketi ya injini hadi ya nyuma. Lazima ziwe katika mstari mmoja. Sproketi ya nyuma, ambayo mara nyingi hubanwa kwenye spoki kwa bolti tisa na vipande vya mpira, ikazwe kwa kuvukavuka kama unavyokaza gurudumu la gari, huku ukilizungusha gurudumu kuona kama haipepesuki. Ndipo ukaze vishikio vya injini, kidogo kidogo, nyuma na mbele kwa zamu. Acha cheni iwe na ulegevu wa kama milimita 12. Kikaza cheni kinachofungwa kwenye fremu ni hatari kuliko kinavyoonekana: kikizunguka kuelekea ndani, kinaingia kwenye spoki na gurudumu linakwama ghafla. Kama unaweza kupunguza pingili za cheni ukaendesha bila kikaza, fanya hivyo.

Baada ya safari ya kwanza ya nusu saa, acha injini ipoe, kaza upya. Rudia baada ya kilomita 50, kisha kila wiki. Chora mstari wa rangi unaovuka nati na kishikio. Mstari ukikatika, nati imesogea. Futa vumbi kuzunguka viungo vya mabomba utazame. Mstari mwembamba wa kutu juu ya rangi safi ni dalili ya ufa chini yake, na ufa wa fremu hauzibwi kwa rangi. Fremu hiyo iondoe kazini.

Sehemu ya tatu itahusu breki, kwa kuwa breki za vyuma zilizotengenezwa kwa mwendo wa miguu hazikuandaliwa kwa mwendo wa petroli. Kwa leo nina ombi moja kwa mnunuzi. Fundi akikukabidhi baiskeli aliyoifunga injini, usianze kwa kuuliza inakimbia kiasi gani. Injini ikiwa imepoa, shika silinda kwa mkono mmoja na bomba la kiti kwa mkono wa pili, kisha tikisa kwa nguvu. Kiganja chako kikisikia chochote kinacheza, mrudishie fundi kabla hujalipa.