Kutoka Useremala Hadi Ekari 1,000: Familia ya Kirima, Njiru, na Ile Ploti Unayotaka Kununua

Panda matatu ya Kangundo Road, pita Komarock na Saika, na baada ya muda mfupi utafika Njiru. Ukichungulia dirishani utaona maghorofa ya kupangisha, nyumba za mabati, duka la vifaa vya ujenzi, kanisa, halafu ploti tupu iliyozungushiwa mawe. Kwenye ukuta mtu ameandika kwa rangi nyekundu: "Ploti hii haiuzwi."

Maneno hayo tumeyazoea sana Eastlands hadi hatuyaoni tena. Lakini mnamo Oktoba 2023 maelfu ya watu wa Njiru na mitaa ya karibu walijikuta wakijiuliza swali moja: hapa ninapoishi ni pa nani? Korti ilikuwa imejibu kwamba ni pa familia ya marehemu Gerishon Kirima. Wakaaji walipewa hadi Desemba 31, 2023 wawe wameondoka.

Leo tunakuletea hadithi ya familia hiyo. Lengo si kusifu matajiri wala kumcheka aliyepoteza. Tunataka uone jinsi mtu mmoja alivyojenga mali ya aina hii, na kwa nini wengine waliolipa pesa zao halali, nyingi zikiwa zimepita kwenye simu, walibaki mikono mitupu.

Fundi aliyeanza na randa na msumeno

Gerishon Kamau Kirima alitoka Kiruri, Murang'a, akaja Nairobi kutafuta riziki kama vijana wengi wa enzi ya ukoloni. Kazi yake ilikuwa useremala. Aliwahi kuajiriwa kama fundi katika chuo ambacho baadaye kilikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akafungua karakana yake mwenyewe.

Faida ya mbao aliitia kwenye biashara nyingine: bucha, baa, na baadaye mabasi. Njiru alikuwa na kichinjio. Ukiangalia vizuri utaona mpango: kichinjio kinalisha bucha, bucha inaleta pesa kila siku, na pesa hizo zinanunua ardhi na majengo ya kupangisha. Mali hiyo ikaja kubeba jina la familia, ikiwemo kampuni ya Kirima and Sons. Mzee mwenyewe aliingia siasa na akawa mbunge wa Starehe.

Lakini hatua iliyombadilisha kutoka mfanyabiashara hadi mmoja wa wenye ardhi wakubwa jijini ilikuwa ya mwaka 1967. Kenya ilikuwa na uhuru wa miaka minne tu, na wakulima wazungu wengi walikuwa wakiuza mashamba waondoke. Kirima alinunua mashamba upande wa Njiru, likiwemo la ekari 472 la Mwitaliano Domenico Masi. Kwa jumla alipata takriban ekari 1,000.

Wakati huo Njiru ilikuwa shamba kwelikweli. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286 Nairobi nzima. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073. Hao wengine wote walihitaji pa kulala, na wengi walisukumwa mashariki: Buruburu na Umoja miaka ya 1970, Dandora kwa mradi wa Benki ya Dunia miaka hiyohiyo, kisha Kayole na kwingineko. Jiji lilitembea lenyewe hadi mlangoni kwa Mzee Kirima.

Sasa piga hesabu kidogo. Ekari moja ni futi za mraba 43,560. Ploti ya futi 40 kwa 60 ni futi za mraba 2,400. Kwa hivyo ekari moja inatoa ploti 18 kabla hujatoa barabara, na ekari 1,000 zinatoa karibu 18,000. Shamba la ng'ombe la 1967 limegeuka kuwa mji mzima. Ndiyo maana kila mtu alilitaka.

Mzee anapoondoka

Kirima alifariki Desemba 2010 akiwa Afrika Kusini. Familia yake, ya wake zaidi ya mmoja na watoto wengi, ilikaa kortini miaka mingi ikivutana kuhusu nani asimamie mali hiyo. Na huku kwenye ardhi yenyewe, watu walikuwa wakiingia, wakigawa ploti, wakiuziana na kujenga.

Hapa kuna jambo la sheria ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Mwenye ardhi akifariki na ardhi iko kwa jina lake, hakuna mtoto wala mjane anayeruhusiwa kuiuza hivi hivi. Kwanza korti inatoa hati ya usimamizi wa mirathi. Halafu hati hiyo lazima ithibitishwe na korti. Kabla ya uthibitisho huo, sheria ya urithi ya Kenya hairuhusu hata msimamizi aliyeteuliwa kuuza ardhi ya marehemu. Kwa hivyo mtu akikuambia, "Hii ilikuwa ya babangu, nimerithi, lete deposit," swali lako la kwanza ni: iko wapi hati iliyothibitishwa na korti?

Mbele ya korti wakaaji wa Njiru walidai kwamba wamekaa pale muda wa kutosha kuitwa wenyewe. Sheria hiyo ipo. Mtu akikaa kwenye ardhi ya mwingine kwa miaka 12 waziwazi, bila ruhusa na bila kukatizwa, anaweza kuomba korti impe umiliki. Lakini kuthibitisha si rahisi, hasa kama mwenye ardhi amekuwa akipinga kila mara. Jaji Samson Okong'o wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi alikataa ombi lao, akaamua kwamba ardhi ni mali ya mirathi ya Kirima. Baada ya uamuzi huo kukawa na mazungumzo ya wakaaji kununua upya kutoka kwa familia.

Fikiria hilo neno "upya". Mtu aliyelipia ploti kwa miaka mitano, akajenga vyumba vinne vya kupangisha, sasa anaambiwa alipie tena udongo uleule. Unaweza kusema familia moja kushikilia ekari 1,000 ndani ya jiji lisilo na nyumba za kutosha si haki, na wengi Eastlands wanasema hivyo. Huo ni mjadala mzuri wa kisiasa. Lakini kortini swali lilikuwa fupi zaidi: jina la nani liko kwenye rekodi?

Meseji za shangazi

Naandika haya nikimfikiria shangazi yangu. Mwaka 2014 alinunua ploti upande huo wa mashariki kutoka kwa kikundi kimoja kilichojiita cha kununua ardhi. Siku hizo ulikuwa huwezi kutuma zaidi ya shilingi 70,000 kwa mara moja, kwa hivyo alituma kidogo kidogo. Pesa za chama, akiba ya kuuza mitumba Gikomba, na mkopo wa sacco. Alituma mara 11.

Shangazi ni mtu wa mpango. Zile meseji zote 11 alizinakili kwenye daftari: tarehe, namba ya muamala, kiasi, na jina la aliyepokea. Nilipolisoma hilo daftari nikiwa chuo nikaona kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amemwonyesha. Kulikuwa na majina matatu tofauti ya wapokeaji, na hakuna hata moja lililokuwa kwenye cheti alichopewa. Cheti chenyewe kilikuwa karatasi ngumu yenye muhuri wa rangi ya zambarau na namba ya ploti iliyoandikwa kwa kalamu.

"Lakini nina ushahidi nililipa," aliniambia.

Kweli anao. Meseji ya malipo ni ushahidi kwamba pesa ilitoka kwako, siku fulani, ikaenda kwa mtu fulani. Polisi wanaweza kuitumia, na korti pia. Jambo isiloweza kuthibitisha ni kwamba aliyepokea alikuwa na ardhi ya kuuza. Shangazi alikuwa na ushahidi kamili wa kumlipa mtu asiye na kitu. Mpaka leo ile ploti ina nyumba ya mtu mwingine.

Kabla hujaweka PIN

Kazi yetu ni kusafirisha pesa yako haraka na salama. Kwa ploti, haraka inaweza kukuumiza. Fanya haya kwanza.

*1. Pekua rekodi.* Watu wa mtaa huita "sachi". Omba muuzaji nakala ya hatimiliki, uchukue namba ya ardhi, halafu ufanye upekuzi rasmi. Kwa Nairobi, mfumo wa serikali wa Ardhisasa ulizinduliwa Aprili 2021, na unafungua akaunti kwa kitambulisho chako. Kama ploti bado haijaingizwa huko, wakili atakuonyesha pa kwenda. Matokeo yatakuambia mwenyewe ni nani, na kama kuna mkopo wa benki au zuio la korti. Usikubali sachi aliyokufanyia muuzaji. Fanya yako.

*2. Linganisha majina matatu.* Jina kwenye rekodi, jina kwenye kitambulisho cha muuzaji, na jina linalotokea kwenye simu yako kabla hujathibitisha malipo. Yakitofautiana, simama. Ukiambiwa "hiyo ni laini ya bibi yangu" au "tuma kwa huyu ni kasha wetu", simama pia. Kampuni halali ina akaunti ya benki au namba ya Paybill yenye jina la kampuni.

*3. Uliza kama mwenyewe yuko hai.* Kama amefariki, dai hati ya mirathi iliyothibitishwa na korti, na uone kama ploti hiyo imetajwa ndani yake na imepewa nani. Kama ni ya kampuni, uliza wakurugenzi ni nani na kama wamekubaliana kuuza. Usimame katikati ya ndugu wanaogombana na pesa mkononi? Hapana.

*4. Andikeni mkataba.* Sheria ya Kenya inataka makubaliano ya kuuza ardhi yawe kwa maandishi, yatiwe sahihi na pande zote, na yashuhudiwe. Mazungumzo ya WhatsApp na risiti ya kitabu hayatoshi. Tafuta wakili wako, si wa muuzaji, na uhakikishe kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya kwamba ana leseni ya mwaka huu. Mara nyingi deposit hukaa kwa wakili hadi masharti yatimie.

*5. Ada za serikali zilipe mwenyewe.* Malipo ya huduma za serikali hupitia eCitizen, Paybill 222222. Ushuru wa stempu kwa ardhi ya mjini ni asilimia 4 ya thamani. Kwa ploti ya shilingi 1,000,000 hiyo ni 40,000. Mtu akikuambia umtumie yeye "akushughulikie stempu", mwambie utalipa mwenyewe.

*6. Tunza rekodi zako.* Kikomo sasa ni shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku, kwa hivyo ploti nyingi bado hulipwa kwa awamu. Usitegemee meseji pekee, simu huibiwa. Pakua taarifa ya akaunti yako, uchapishe, uiweke pamoja na mkataba. Andika sababu ya kila malipo.

Alichokuwa nacho Mzee

Watu wengi husimulia habari ya Kirima kama ya bahati: alinunua rahisi, jiji likamfuata. Bahati ilikuwepo. Lakini wapo wengine walionunua mashamba miaka hiyo ambao leo wajukuu wao hawana kitu cha kuonyesha. Miaka zaidi ya 50 baada ya 1967, mwenyewe akiwa kaburini, familia ikiwa imegombana, na ardhi ikiwa imejaa nyumba za watu wengine, kilichosimama kortini ni karatasi za ununuzi na jina kwenye rekodi za serikali.

Wewe huenda hununui ekari 472. Unanunua futi 40 kwa 60 kule Njiru, Mihango, Ruai au Utawala, na hiyo ndiyo akiba yako yote. Basi ukubali muuzaji akuone msumbufu. Kubali akuambie kuna mteja mwingine anakuja na pesa kesho. Akienda, aende. Shangazi yangu aliambiwa hivyohivyo siku ya kutuma shilingi 70,000 za kwanza.

Kama unamjua mtu anayelipa deposit ya ploti mwezi huu, mtumie makala hii leo, kabla hajatuma pesa. Na ukiona namba unayoishuku, turipotie kupitia sehemu ya Msaada kwenye programu yetu. Kumbuka: hatutakuuliza PIN yako kamwe, hata kwa simu, hata kwa upole.