Pikipiki ya Injekta Inapokunywa Mafuta Kupita Kiasi

Petroli huungua kwa msaada wa hewa, na kwa hesabu ya kikemia gramu 1 ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iteketee yote. Petroli inapozidi kiwango hicho mchanganyiko huitwa mzito, na dalili zake humfikia hata mwendeshaji asiyewahi kushika spana: moshi mweusi, harufu ya petroli mbichi kwenye eksozi, plagi iliyofunikwa masizi makavu, na tangi linalokauka mapema. Ipo dalili nyingine ambayo haipewi uzito unaostahili, nayo ni ya injini inayowaka vizuri asubuhi lakini ikaanza kukwama na kukohoa ikishapata moto. Injini baridi huhitaji petroli ya ziada kwa kuwa sehemu yake huganda juu ya chuma baridi bila kugeuka mvuke, hivyo ziada isiyo halali hujificha wakati huo na kufichuka joto linapopanda.

Katika kabureta, kiasi cha petroli huamuliwa na matundu ya jeti na skrubu, na fundi mwenye bisibisi na sikio zuri huweza kuirekebisha injini pale pale kijiweni. Mfumo wa injekta, ambao Kawasaki iliuweka kwenye Z1000-H1 ya mwaka 1980, uliihamisha kazi hiyo kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ndogo inayoamuru injekta ifunguke kwa milisekunde chache kila mzunguko, ikitegemea taarifa za sensa. Kwa sababu hiyo petroli huzidi kwa njia mbili tu: ama inapita bila amri, ama amri yenyewe imetolewa kwa taarifa isiyo ya kweli. Njia hii ya pili ndiyo inayowagharimu wamiliki wengi, kwa kuwa injekta na pampu hubadilishwa zikiwa nzima huku chanzo kikiachwa palipo.

Sensa ya kwanza kuhojiwa ni ile ya joto la injini. Ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo kutu kwenye kiungio cha waya, ambayo huongeza ukinzani, huifanya kontroli boksi iamini kwamba injini bado ni baridi, nayo huendelea kumwaga petroli ya asubuhi hadi saa sita mchana. Waya ukikatika kabisa, taa ya onyo huwaka; katika pikipiki nyingi za Honda taa hiyo humeta mara 7 kuonyesha hitilafu ya sensa hii. Lakini kosa dogo lililo ndani ya mipaka inayokubalika haliwashi taa yoyote, na hapo ndipo mita ya umeme inapohitajika: ukinzani upimwe injini ikiwa baridi, upimwe tena ikiwa ya moto, kisha ulinganishwe na kitabu cha pikipiki husika.

Sensa ya oksijeni, iliyofungwa kwenye eksozi, hudanganywa kwa namna ya kushangaza zaidi. Kwa kawaida hutoa karibu voti 0.9 mchanganyiko ukiwa mzito na karibu voti 0.1 ukiwa mwepesi. Gasketi ya eksozi ikivuja kabla ya sensa, hewa ya nje huingia, sensa huripoti oksijeni nyingi, na kontroli boksi huongeza petroli isiyohitajika. Plagi inayoruka moto huleta kosa hilo hilo, kwa kuwa hewa ambayo haikuungua hutoka pamoja na moshi. Mpira wa sensa ya presha ya hewa nao ukipasuka, injini huonekana imebeba mzigo mzito kumbe imesimama tu.

Petroli inayopita bila amri hutafutwa kwa geji ya presha, ambayo katika pikipiki nyingi inapaswa kusoma karibu ba 3, na kwa kutazama kama injekta inadondosha matone swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa. Katika pikipiki ambazo kidhibiti presha kimeunganishwa kwa mpira na njia ya hewa, kama BMW K100 iliyotoka mwaka 1983, mpira huo uchomolewe. Ukikutwa na petroli ndani, utando wa kidhibiti umetoboka na injini inainyonya petroli moja kwa moja. Chujio la hewa lililoziba lisafishwe, ingawa peke yake ni nadra kuleta moshi mweusi pale ambapo sensa hupima hewa baada ya chujio.

Hitilafu ikishapatikana, oili inuswe. Petroli iliyozidi huosha kuta za silinda, ikapita kwenye ringi na kuteremka chini ya injini, na oili iliyochanganyika nayo hulainika hadi ikashindwa kuzilinda beringi. Oili yenye harufu hiyo imwagwe siku hiyo hiyo, hata kama ilibadilishwa juzi.