Kumsaka Jasusi Aliyejificha Ndani ya Kompyuta

Aghalabu tukitaja jasusi, mawazo yetu humwendea mtu: mgeni anayeulizauliza maswali karibu na lango la kambi, au mwenzetu aliyenunuliwa kwa fedha. Lakini siku hizi yuko jasusi asiye na miguu, asiyekula wala kulala, ambaye mlinzi wa lango hana njia ya kumpekua. Huyo ni programu iliyotungwa ili isome kila herufi mtu aibonyezayo, pamoja na neno lake la siri, ifungue kamera na kinasa sauti bila ruhusa, kisha ipeleke habari kwa bwana wake aliye mbali. Askari na polisi wengi wana kompyuta nyumbani na hutumia nyingine kazini, na kwa hiyo tumeona yafaa kueleza namna ya kumtambua jasusi huyo na kumwondoa.

Mwaka 2008 flashi moja ilichomekwa katika kompyuta ya jeshi la Marekani, kwenye kambi iliyoko Mashariki ya Kati. Ndani yake ilikuwamo programu ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la agent.btz. Hapakuvunjwa mlango wala hapakufyatuliwa risasi. Kompyuta za Windows za wakati ule zilikuwa na desturi ya kutii amri zilizomo katika faili dogo liitwalo autorun.inf, na jasusi akaitumia desturi hiyo kupita. Alienea katika mtandao wa kamandi iliyokuwa ikiongoza vita vya Iraki na Afghanistan, akaingia kompyuta za kawaida na hata zile za siri. William J. Lynn, aliyekuwa Naibu Waziri wa Ulinzi, alilieleza jambo hilo hadharani mwaka 2010, akasema kuwa programu ile ilitiwa katika flashi na idara ya ujasusi ya nchi ya kigeni. Kazi ya kusafisha iliendelea kwa muda wa yapata miezi 14.

Mitandao ya siri ya jeshi lile haikuunganishwa na intaneti, na bado ilipenywa, kwa sababu flashi hutembea mfukoni mwa mtu. Hatari hiyo iko karibu nasi kuliko inavyodhaniwa. Askari huandika taarifa ya zamu, akaitia katika flashi, akaenda kuichapisha dukani, ambako watu wasiohesabika wamekwisha kuchomeka flashi zao tangu asubuhi. Jioni flashi ile ile hurudi ofisini, na usiku huchomekwa nyumbani ili watoto watazame sinema.

Je, jasusi hutambulikaje? Dalili zipo. Ulinzi wa virusi hujikuta umezimwa na hakuna aliyeuzima. Taa ya kamera huwaka wakati hakuna anayeitumia. Bando la intaneti huisha kabla ya wakati wake. Kivinjari hufungua ukurasa usiouchagua, au huwa na viongezo usivyovijua. Hata hivyo tusiwe wepesi wa kushuku: kompyuta iliyo nzito huenda imezeeka tu, au imejaa. Tena jasusi hodari haonyeshi dalili yoyote. Mwaka 2009 watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Toronto, walifichua mtandao wa ujasusi waliouita GhostNet, uliokuwa umeingia katika kompyuta 1,295 katika nchi 103, zikiwamo za balozi na wizara. Wenye kompyuta hizo walikuwa wakiendelea na kazi zao kama kawaida.

Ukishuku, kata mawasiliano kwanza. Zima Wi-Fi, chomoa waya au modemu, wala usiandike neno lolote la siri katika kompyuta hiyo. Jasusi aliyekatwa na bwana wake hana pa kupeleka habari.

Kama kompyuta ni ya kazini, koma hapo. Usifute kitu, usijaribu kuitengeneza, bali andika saa na ulichokiona, kisha umjulishe mkubwa wako. Polisi wanalielewa jambo hili kuliko wengine, kwa maana mahali pa tukio hapafagiliwi kabla ya mpelelezi kufika. Twajua kwa nini wengi hunyamaza: wanaogopa kuulizwa flashi ilitoka wapi. Hapa sisi twasema wazi kuwa wakubwa nao wana sehemu yao. Askari anayekuja mwenyewe kutoa habari akipokewa kama mshtakiwa, wa pili hatakuja, na jasusi atastarehe miezi mingi.

Kama kompyuta ni yako, endelea na msako. Bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc, na Task Manager itakuonyesha programu zote zinazofanya kazi wakati huo, pamoja na zile zinazoamka kila kompyuta iwashwapo. Jasusi hupenda kuvaa sare. Atajiita svchost, jina la programu halali ya Windows, au atabadili herufi moja tu ili jicho lisigundue. Basi usitazame jina pekee, tazama na makao: svchost halali hukaa katika folda ya System32 iliyomo ndani ya folda ya Windows. Ukimkuta mwenye jina hilo anakaa katika folda ya vitu vya muda, huyo ni wa kushukiwa. Kagua pia orodha ya programu kwa tarehe za kuingizwa, uone ni ipi iliingia siku matatizo yalipoanza. Mara nyingi itakuwa ile iliyopatikana bure kwa rafiki, iliyovunjwa kufuli ili isilipiwe.

Baada ya hapo iunganishe kompyuta kwa dakika chache tu ili Microsoft Defender ipate orodha mpya ya virusi, uikate tena, kisha uchague ule ukaguzi uitwao Offline. Kompyuta itajizima na kujiwasha, na ukaguzi utafanyika kabla Windows haijaamka, wakati jasusi angali amelala. Huchukua yapata robo saa. Usidanganywe na tangazo linalojitokeza kwenye kivinjari likidai kuwa kompyuta yako imejaa virusi na kwamba ubonyeze hapa upate dawa. Dawa hiyo ndiyo jasusi mwenyewe.

Akirudi baada ya kuondolewa, usibishane naye. Hifadhi hati na picha zako tu, uache programu zote, kisha ufute kila kitu na kuweka Windows upya, kwa flashi iliyotayarishwa katika kompyuta safi. Ni kazi ya nusu siku, na inachosha, lakini ni afadhali kuliko kulala na shaka.

Wengi hufika hapo wakajipongeza, nao wamesahau kuwa jasusi aliyefukuzwa hakurudisha funguo alizonakili. Kwa kutumia kifaa kingine kilicho safi, badilisha maneno ya siri yote, ukianza na la barua pepe, kwa kuwa mwenye hilo aweza kuyapata mengine. Ondoa vifaa vyote vilivyoingia katika akaunti zako, weka uthibitisho wa hatua mbili, na uangalie hesabu zako za benki.

Flashi nayo isirudishwe mfukoni kabla haijakaguliwa. Wamarekani walipiga marufuku flashi katika kompyuta zao za kijeshi mwezi Novemba 2008. Februari 2010 waliilegeza marufuku hiyo kwa masharti makali: flashi ikubaliwe tu pale kazi isipoweza kufanyika kwa njia nyingine, na iwe ya serikali, iliyokaguliwa.